Kiangazi cha Agosti

Mapendo, mwanangu,

Jaketi nimelitoa kwenye begi lako. Umeshinda. Liko kwenye msumari wake nyuma ya mlango na sitalirudisha, kwa hiyo ukitoka Toongabbie kuwaaga wenzako wa kwaya usianze kufungua zipu moja baada ya nyingine kunitafutia kosa.

Ni saa kumi na moja jioni. Jua linaondoka, mama yako yuko zamu, nami nimekaa hapa mezani jikoni na kalamu kama mwanafunzi aliyepewa adhabu. Mambo ya kupika, kufua na kupiga simu Jumapili mama yako amekuandikia karatasi nne nzima. Mimi siongezi neno. Mimi nina jambo moja tu. Ni la koko yako, mama yangu mzazi, na jinsi alivyokufa. Nimelikalia miaka kumi na mmoja. Kesho asubuhi unapanda treni kwenda kufanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Coffs Harbour, na usipolisikia kutoka kwangu utaondoka unaamini kitu ambacho si kweli, na aliyekuaminisha ni mimi.

Leo nimekuja chumbani kwako mara tatu nikuambie. Mara ya kwanza nikakuuliza kama umeweka soksi. Mara ya pili nikakuletea jaketi langu la kazini. Mara ya tatu nikakuta umelitoa na kulitupa juu ya kiti, nikapandwa na hasira, nikasema unataka kufa huko, na wewe ukanijibu bila hata kugeuka:

“Dad, stop. It's the coast. It's nineteen degrees. It's mild.”

Mild, yaani baridi ya kiasi tu! Neno hilo nalichukia kuliko tusi. Nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia. Ukachukua simu yako, ukabamiza mlango, ukaenda zako. Nikabaki nimeshika jaketi mkononi najisemesha peke yangu: hivi wewe mzee una akili kweli? Umekwenda kutubu, umeishia kugombania nguo.

Basi nianze na hilo hilo la baridi, maana yote yametokea hapo.

Wewe unajua nilikuwa mwalimu. Uvira nilifundisha jografia darasa la tano, na baadaye kambini Kigoma nilifundisha chini ya turubai watoto themanini wenye vitabu vinne. Nilichora dunia ubaoni. Nilieleza kwa chaki kwamba kusini mwa dunia majira yamegeuka, kwamba Agosti huko ni baridi inaelekea mwisho. Niliwapiga watoto wa watu fimbo kwa kukosa jibu hilo. Mungu anisamehe. Kisha nikaja mwenyewe kuishi huko kusini, hapa Australia, na nilipoulizwa swali hilo hilo na mtu mmoja tu, nikakosa.

Tulikuwa na miaka miwili hapa Mount Druitt. Karatasi za koko zilikuwa zimekubaliwa, tarehe ya ndege imetoka, katikati ya Agosti. Akanipigia niko kazini ghalani, mapumziko ya dakika kumi, mashine zinapiga kelele, simu inakatikakatika. Akauliza, “Baba Mapendo, huko mwezi wa nane ni masika ao ni kiangazi?”

Kwa mama yangu majira yalikuwa mawili. Masika mvua, kiangazi jua na vumbi. Nikaanza kumweleza: mama, huku majira ni manne, sasa tuko kwenye... Simu ikakatika. Nikapiga tena. Nikaanza upya, akasema hasikii. Nikapiga mara ya tatu, supavaiza ananionyesha saa ukutani. Mama akauliza, “Wee, nijibu basi, masika ao kiangazi?”

Nikamwambia, “Kiangazi, mama. Ni kiangazi.”

Na unajua kinachoniudhi mpaka leo? Sikusema uongo. Agosti ya hapa mvua ni kidogo, mbingu ni safi, jua linawaka siku nzima, majani yamekauka. Kwa mtu wa Uvira hicho ni kiangazi, umwite yeyote atoe ushahidi. Na kwenye televisheni kila jioni walikuwa wanasema lile neno lenu, mild, mild, pwani ni mild, nami nilikuwa nimejaa majivuno ya mtu aliyefika. Kambini niliwaandikia wote kwamba tunaishi mahali pazuri, karibu na bahari. Karibu na bahari! Toka hapa mpaka baharini unaweza kumaliza usingizi.

Tulipokwenda kumpokea uwanja wa ndege wewe ulikuwa umebeba puto. Akatoka na kibegi kimoja, kitenge, raba za turubai, na kitambaa kichwani. Nikamuuliza, “Mama, ile sweta yako ya kijani iko wapi? Na mablanketi?”

“Nimewaachia wenzangu kambini. Wao ndio wana shida. Si ulisema ni kiangazi?” Akacheka. Alikuwa amefurahi, ametuona.

Pale pale, Mapendo. Pale pale ndipo nilipaswa kusema, mama nisamehe, nilikujibu vibaya, na kutoka uwanja wa ndege kwenda moja kwa moja dukani. Neno moja tu. Lakini nilikuwa mtoto wake aliyesoma, mwalimu, mtu wa Australia, nami nikacheka pamoja naye. Nikamwambia hii baridi ni ya leo tu.

Ikawa ya leo tu kila siku. Asubuhi unakumbuka nyasi zilivyokuwa nyeupe pale nyuma ya nyumba, wewe ukizikanyaga zilie kama chumvi ya mawe. Na nyumba zenyewe za huku unazijua, zimejengwa kana kwamba baridi haijawahi kuzaliwa. Mtu anatoka ndani kwenda nje kuota jua. Hita tulikuwa nayo moja, sebuleni. Yeye alilala chumba cha nyuma. Nilimpa jaketi langu la kazini, lile la rangi ya machungwa lenye mistari ya kung'aa, akalikataa katakata. Alisema hajavuka bahari zote hizo aje kuonekana kanisani kama mtu wa kutengeneza barabara. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini.

Na kila asubuhi akitoka chumbani, amejifunga vitenge viwili kimoja juu ya kingine, alinitania: “Mwalimu, hicho kiangazi chenyewe kinaanza lini?”

Nilikuwa nasema, wiki ijayo.

Akaanza kukohoa. Sikiliza vizuri hapa, maana ndiyo barua yenyewe. Koko yako alianza kukohoa siku ya tano baada ya kufika. Nilimsikia mimi, usiku, kupitia ukuta. Nilisema ni vumbi la safari. Siku ya nane alikuwa anashika ubavu akikohoa. Mama yako alikuwa zamu za usiku wiki ile, hakuona. Mimi niliona. Nikasema nitampeleka kwa daktari Jumatatu, na Jumatatu ikafika nikasema Jumatatu ijayo. Kisa? Najua kisa. Daktari angeuliza alikuja na nguo gani, na mama angesema kwa sauti yake ile, mwanangu aliniambia ni kiangazi, na mkalimani angetafsiri. Niliona aibu ya mkalimani nisiyemjua. Hebu fikiria upumbavu huo.

Halafu ndiyo ikaja ile Jumamosi ya kanisa kwenda baharini.

Redio ilisema nyuzi kumi na tisa. Wewe leo umeniambia kumi na tisa, na nywele zimenisimama. Hakuna anayekudanganya, mwanangu, ni kweli zitakuwa kumi na tisa. Lakini ni za saa saba mchana, za mtu aliyesimama juani bila upepo. Asubuhi yake zilikuwa nyuzi nne. Huko unakokwenda ni kaskazini zaidi, asubuhi yake haitakuwa kali kama ya kwetu, nakubali, usiniletee simu kunionyesha. Ila pwani mwisho wa baridi iko hivi: mchana inakubembeleza mpaka unavua. Unaona watu wamelala mchangani, wazungu wanaogelea, unasema kumbe ni hivi. Kisha upepo unageuka, dakika kumi tu, na jua lile lile liko pale pale juu lakini halikusaidii kitu. Na maji ya bahari ndiyo yanakuwa baridi kuliko miezi yote ya nyuma, kwa sababu bahari inapoa taratibu na baridi yote ya Juni na Julai inakuwa bado imo ndani yake. Hilo nalo nilikuwa nafundisha.

Koko hakuwahi kuona bahari. Alipoiona alisimama akasema, “Hili nalo ni ziwa!” Ukamvuta mkono. Akachota maji akaonja, akatema, akapiga ukelele kwamba wazungu wamemwaga chumvi, na wewe ukacheka mpaka ukaanguka mchangani. Kisha ukamvua raba, mkaingia. Mpaka vifundoni, mpaka magotini. Wimbi likaja likalowesha kitenge mpaka kiunoni. Mlikuwa mnapiga kelele nyote wawili.

Mimi nilikuwa nachoma nyama na wanaume wenzangu. Niliwaona, Mapendo. Niliwaona tangu mnavua viatu. Nilijua anakohoa siku kumi. Na nikawapungia mkono.

Upepo ukaja saa tisa. Gari la kanisa lilikuwa limetangulia na wanakwaya, tukangoja lirudi, saa nzima, yeye amekaa ukutani na kitenge kimelowa na mimi nimemfunika taulo lako lenye samaki. Alikuwa anatetemeka na anacheka. Jumanne alishindwa kuinuka kitandani.

Hospitali daktari aliniuliza anakohoa tangu lini. Nikasema, siku tatu. Nilihesabu kutoka baharini. Daktari yule alikuwa binti mdogo, labda umri wako ukiongeza miaka michache, akanionyesha picha ya mapafu kwenye kioo akasema taratibu, kwa Kiingereza ambacho nilikielewa neno kwa neno: hapana bwana, hii si ya siku tatu, hii ina wiki mbili karibu, na angeletwa mapema tungemsaidia. Nikasema asante. Nikatoka.

Nje kwenye viti mlikuwa mmekaa wewe na mama yako. Mama yako akauliza, “Imekuwaje? Imeanzaje?” Nami nilikuwa nimetoka kusikia kwamba ni mimi. Neno la daktari bado lilikuwa linanguruma masikioni. Nikakunyooshea kidole, mtoto wa miaka minane, nikasema, “Muulize huyu. Nani alimwingiza koko majini?”

Ulitazama viatu vyako. Mama yako akakugombeza kidogo, na mimi nikamwacha akugombeze.

Alifariki siku ya sita hospitalini. Kwenye matanga wanawake walikuwa wanapokezana habari jikoni: maskini, mtoto alimpeleka bibi wa watu baharini, baridi ikamwingia. Hawakusema kwa ubaya. Walikuhurumia, wakakupa soda. Nami nilikuwa kwenye kiti cha mbele, mfiwa, napokea mikono ya watu, nasikia yote. Sikufungua kinywa.

Ndiyo hivyo. Sasa imeandikwa, kwa hasira, si kwa huzuni. Huzuni nilishaimaliza. Nina hasira na mimi mwenyewe ambazo sijui pa kuziweka, na kwa miaka yote nimekuwa nikizimwaga juu ya soksi zako.

Usidhani sikuona. Niliona kwamba hujaweka mguu baharini tena. Shule walipoleta karatasi za masomo ya kuogelea uliniletea nisaini kwamba huendi, na nikasaini bila kuuliza. Niliona kwamba tangu wiki ile ya hospitali ukisemeshwa Kiswahili unajibu Kiingereza. Watu wanasema watoto wote wa huku wako hivyo. Labda. Wewe ulikuwa unabishana nami kwa Kiswahili mpaka siku ile. Na Agosti ikifika unakuwa kimya, na nyumba nzima inajifanya haijaona.

Halafu barua ya kazi ilipofika mwezi uliopita, mama yako akapiga vigelegele, nami nikakuuliza kwa nini wazee, kwa nini si watoto, si duka, si ofisi. Ukasema, “Because I'll look after them properly.” Properly, yaani vizuri kabisa, kama inavyotakiwa. Ukaendelea kula. Mimi niliacha chakula. Nilienda kusimama nyuma ya nyumba mpaka mama yako akaniita.

Kama unawapenda wazee, nenda. Una mikono mizuri na uvumilivu ambao hukuupata kwangu. Lakini kama unakwenda kuwavalisha sweta wazee wa watu, mmoja baada ya mwingine, maisha yako yote, kwa sababu unadhani ulimuua mmoja, basi ujue hukumuua. Ulimpa siku nzuri. Katika siku zote alizoishi Australia ilikuwa ndiyo siku yake nzuri, na aliyempa ni wewe. Hata kitandani hospitali, kabla hajanyamaza, alikuwa anamweleza nesi asiyejua Kiswahili habari za ziwa la chumvi.

Sikuambii haya ili unione mnyenyekevu. Nimekuwa nikijiambia kila mwaka, akikua nitamwambia. Ukafika kumi na mbili, nikasema bado mdogo. Ukafika kumi na sita, nikasema ana mitihani. Mtu akiwa na neno la aibu hakosi sababu ya kulichelewesha, na zote zinafanana na busara. Ukiwahi kukosea, na utakosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama unaona aibu. Siku ya pili inakuwa ngumu mara mbili. Mimi niliogopa kumwambia mama yangu kwamba kiangazi si kiangazi, na angalia nilipofika.

Nasikia geti. Umerudi. Unaongea na mtu kwenye simu hapo nje, unacheka. Barua hii nilipanga kuitia kwenye begi uisome ndani ya treni, nikiwa mbali, wewe ukilia peke yako katikati ya wageni. Mwoga hadi mwisho. Hapana. Nakuja kukuambia sasa hivi, kabla hujavua viatu.

*

Ni asubuhi sasa, saa kumi na moja na nusu. Bado mmelala, namalizia.

Nimekuambia, na ulisikia. Sikuyasema kwa mpangilio kama nilivyoyaandika, niliruka huku na huku, lakini siku kumi za kikohozi nilizitaja, na daktari, na kidole. Hukulia. Uliuliza swali moja, kama mama yako alijua. Nikasema hapana. Ukasema, “Eleven years, Dad,” ukaingia chumbani ukafunga mlango taratibu kabisa, na afadhali ungeubamiza. Mama yako aliporudi zamu nikamwambia naye. Hajanisemesha.

Nilikuwa natumaini, sikufichi, kwamba ungenishika hata mkono. Ni tamaa yangu tu. Nilikaa nikifikiri sana na sasa naona afadhali hivi. Miaka yote hiyo umekuwa na hasira na mtoto wa miaka minane. Sasa una hasira na mimi. Kaa nazo muda wowote unaoutaka, usinipigie simu kama hutaki, mpigie mama yako. Nitakupeleka stesheni, nitabeba begi, na kama hutasema nami njia nzima nitaendesha gari.

Ila yule mtoto mwache, Mapendo. Hakufanya kitu.

Baba yako.